Mradi Ukija Mtaani, Kazi Zinaenda kwa Nani? Maghorofa, Uboreshaji wa Mtaa na Soko Jipya

Mradi mkubwa ukitambulishwa kwenye mkutano wa mtaa, ahadi ya ajira haikosi. Vijana watapata vibarua, akina mama watapika, mzunguko wa fedha utaongezeka. Wakazi husikiliza kwa hamu, na wana haki, maana mitaa yetu imejaa watu wenye nguvu na ujuzi ambao hawana pa kuupeleka. Swali ni kwamba kazi hizo zikija zitashuka kwa nani, zitadumu muda gani, na zitakuwa zimekula kazi ngapi zilizokuwapo kabla.

Makala hii ni kwa walio njia panda: wajumbe wa kamati za mtaa, madiwani, viongozi wa vikundi, na wakazi ambao eneo lao limo kwenye ramani ya mradi na wanataka kujua waunge mkono kipi na wadai nini. Nimelinganisha aina tatu za miradi inayofika zaidi kwenye mitaa ya zamani ya mijini: kuvunja nyumba na kujenga maghorofa, kuboresha mtaa palepale ulipo, na kujenga soko au jengo la biashara. Mifano nimeichukua Dar es Salaam na Nairobi kwa sababu huko njia hizi zimejaribiwa kwa miaka ya kutosha, na matokeo yake yanaonekana kwa macho.

## Vigezo

Kigezo cha kwanza ni kazi za ujenzi: watu wangapi wanahitajika, na kama kazi yenyewe inafanywa kwa mikono au kwa mitambo. Cha pili ni kazi zinazobaki mkandarasi akishaondoka. Cha tatu ni kazi zinazopotea, na hiki nakiwekea mkazo kwa sababu mara nyingi hakimo kwenye karatasi za mradi. Mama anayekaanga vitumbua mlangoni kwake ana ajira. Fundi cherehani mwenye mashine barazani ana ajira. Mzee anayepangisha vyumba viwili vya uani ana kipato kinacholipa ada za wajukuu. Hao wote hawana mkataba wala kitambulisho cha kazi, kwa hiyo tathmini inaweza kuwahesabu kama wakazi tu, ikaandika kwamba mradi umeongeza ajira kadhaa, bila kutoa hata moja kwa upande wa pili.

Cha nne ni nani anaingia: mkazi wa mtaa huo hasa, au mtu aliyekuja na mkandarasi kutoka mradi uliopita. Hapa naingiza pia malipo, kwa sababu kazi ambayo mshahara wake unacheleweshwa miezi miwili mkazi wa kawaida hawezi kuimudu. Ataiacha, na nafasi itachukuliwa na mwenye akiba.

## Njia ya kwanza: kuvunja na kujenga maghorofa

Kazi za ujenzi. Ghorofa linaajiri watu wengi, hilo halina ubishi. Kuna wachimba msingi, wasuka nondo, maseremala, waashi, mafundi bomba, mafundi umeme, mafundi wa marumaru, wa alumini, wa rangi, na nyuma ya kila fundi kuna saidia fundi. Lakini idadi inategemea sana mbinu ya mkandarasi. Tazama siku ya kumwaga zege. Kwenye jengo la mtu wa kawaida, mashine ya kuchanganyia inaunguruma tangu asubuhi, mmoja anapima kokoto, mwingine mchanga, wa tatu anapasua mifuko ya saruji, na karai zinapanda mkono kwa mkono juu ya ngazi ya mbao. Mstari hauvunjiki mpaka zege liishe, maana zege haliachwi nusu. Siku hiyo vijana wa mtaa mzima wanaondoka na chochote mfukoni. Mkandarasi mkubwa hana haja na mstari huo. Zege linakuja limeshachanganywa kiwandani, pampu inanyoosha mkono hadi ghorofa ya nne, na kazi inamalizwa na watu wachache walioshika bomba. Jengo ni la ukubwa uleule na lina ubora mzuri zaidi pengine, ila vibarua vimetoweka.

Kazi zinazobaki. Ni chache. Walinzi, wafagiaji, mtu wa kuendesha pampu ya maji, fundi wa lifti ambaye kwa kawaida anatoka kampuni ya nje. Kinachoweza kuokoa hali ni maeneo ya biashara yaliyochorwa ndani ya mradi. Kule Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, mradi wa eneo la Soweto Mashariki chini ya KENSUP, mpango wa serikali ya Kenya wa kuboresha mitaa ya mabanda, ulitoa nyumba 822 na vizimba vya biashara 245. Hiyo ni kama kizimba kimoja kwa kila nyumba tatu na kidogo. Kwa mradi wa serikali ni uwiano wa kusifiwa, kwa sababu iko miradi mingi ya nyumba isiyokuwa na hata kimoja. Hata hivyo, kwenye Kibera ya nyumba za chini, zisizo ghorofa, karibu kila mlango unaotazama njia ni duka, saluni au jiko la chapati.

Kazi zinazopotea. Hapa ndipo maghorofa yanapouma. Mtu aliyehamishiwa ghorofa ya tatu hawezi kuwasha jiko la mkaa koridoni, hawezi kupanga nyanya mlangoni, na mteja aliyekuwa akipita njia hatapanda ngazi kumfuata. Juu ya hapo kuna muda wa kusubiri. Wakazi wa Soweto Mashariki walianza kuhamishiwa nyumba za muda za Lang'ata mwaka 2009. Nyumba mpya zilikabidhiwa 2016. Magomeni Kota, Dar es Salaam, kaya 644 zilipisha ubomoaji, zikakaa karibu miaka kumi zikipanga kwingine, mpaka ujenzi ulioahidiwa na Rais Magufuli mwaka 2016 ulipokamilika chini ya Wakala wa Majengo na kuzinduliwa na Rais Samia Machi 2022. Nyumba ni nzuri na haki ya kurudi iliheshimiwa, jambo ambalo miji mingine imeshindwa. Lakini miaka kumi ni mingi kwa biashara ndogo. Mteja wa kukopa chai asubuhi, jirani anayekuangalizia genge ukienda hospitali, fundi mwenzako anayekuitia kazi: hayo yote yanajengwa kwa kuonana kila siku, na hayahamishwi na lori pamoja na kabati.

Nani anaingia. Fomeni ana watu wake. Akimaliza jengo moja huwahamishia la pili, na si kwa ubaya. Anawajua, hawatamwibia nondo, hawatamchelewesha. Kijana wa mtaa anapata nafasi ya kubeba na kuchimba, na miezi inapofika kwenye kazi za umaliziaji zenye malipo bora, hana cheti. Kenya wamejaribu njia nyingine inayostahili kuangaliwa: kwenye mpango wa nyumba za bei nafuu, serikali ilitangaza kwamba milango na madirisha yatanunuliwa kwa mafundi wa jua kali, yaani wa karakana ndogo za mitaani, badala ya kuagizwa nje. Wazo ni zuri kwa sababu linaifuata kazi iliko, kwenye karakana. Ugumu wake ni kwamba mradi unataka mamia ya milango ya kipimo kimoja kwa tarehe moja, na fundi mmoja mwenye randa na msaidizi hawezi. Wanaofaidika ni waliojiunga mapema, wakanunua mashine pamoja na kukubaliana vipimo.

Inamfaa nani. Mtaa wenye mafundi wengi ambao tayari wana vyeti, wakazi ambao kazi zao ziko nje ya mtaa, na eneo ambalo orodha ya wenye haki ya kurudi imeandikwa kwa majina kabla ya tofali la kwanza kuvunjwa. Kwa mtaa ambao riziki yake iko mlangoni, ni njia yenye gharama kubwa.

## Njia ya pili: kuboresha mtaa palepale

Hii ndiyo njia ya mitaro, barabara za ndani, taa, maji na vyoo, nyumba zikiachwa zilipo. Haina mvuto wa picha kama ghorofa, na wanasiasa hawaipendi sana kwa sababu mtaro hauna utepe mzuri wa kukata.

Kazi za ujenzi. Mfano ambao kila kamati ya mtaa inapaswa kuujua ni Hanna Nassif, Kinondoni, Dar es Salaam, kando ya bonde la Msimbazi. Mtaa ulikuwa unafurika kila masika. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, wakazi waliunda chama chao cha maendeleo, na chama hicho kikapewa mkataba wa nguvukazi. Fikiria maana yake: mkataba haukwenda kwa kampuni ambayo baadaye ingeombwa iwakumbuke wenyeji. Wenyeji ndio waliokuwa upande wa pili wa mkataba. Mitaro ilichimbwa kwa sururu na koleo, ikajengwa kwa mawe, barabara zikashindiliwa, na wanawake walikuwa sehemu kubwa ya vikundi vya kazi.

Kazi za namna hii hupangwa kwa kipimo. Msimamizi anapima urefu wa mtaro, anaweka vigingi viwili, na kati ya vigingi hivyo ni wajibu wako wa siku. Ukimaliza saa tano, umemaliza saa tano. Unanawa, unakwenda kwenye genge lako au kwa mtoto. Kwa mama mwenye nyumba na biashara, mpango huo una thamani kuliko kibarua cha kutwa chenye malipo makubwa kidogo, kwa sababu hafungi mlango mmoja ili afungue mwingine.

Lakini njia hii nayo imebadilika kadiri fedha zilivyokua. Mpango wa kuboresha miundombinu ya mitaa, CIUP, uliofuata Dar es Salaam kuanzia 2005 ulifika mitaa zaidi ya 30, na ule wa maendeleo ya jiji, DMDP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2015 kwa mkopo wa dola milioni 300 ukaleta lami, mifereji mikubwa na taa. Mitaa imefaidika sana. Kazi zenyewe, hata hivyo, zilikwenda kwa wakandarasi wenye magreda na mashine za kushindilia, na mkazi akarudi kuwa mtu wa kusubiri kuitwa. Uboreshaji wa mtaa hauajiri wenyeji kwa sababu tu unaitwa uboreshaji. Unawaajiri pale mbinu ya kazi inapochaguliwa ili iwaajiri.

Kuna pia kazi za usafi na matengenezo. Mpango wa serikali wa Kazi Mtaani, ulioanza Kenya mwaka 2020 wakati wa korona, uliwaingiza vijana wa mitaa isiyo rasmi kuzibua mitaro na kufagia. Katika awamu ya pili kibarua alilipwa shilingi 455 za Kenya kwa siku. Ulisaidia nyumba nyingi kula katika kipindi kigumu. Ulipokwisha, mapato yakaisha siku hiyohiyo, kwa sababu haukuwa umefungwa kwenye bajeti ya kudumu ya matengenezo.

Kazi zinazobaki. Zinatoka kwenye mambo madogo. Njia ikipitika, bajaji na bodaboda zinaingia, gari la soda linaingia, na duka lililokuwa likibebewa mzigo kichwani linaongeza bidhaa. Gari la taka likipita, vikundi vya kuzoa taka vinapata wateja wanaolipa kila mwezi. Dar es Salaam vikundi vya wanawake na vijana vimeishi kwa kazi hiyo tangu miaka ya 1990. Taa za mlingoti mrefu, zile ambazo Nairobi wanaziita mulika mwizi, zinamwongezea mchoma samaki saa tatu au nne za kuuza usiku. Hakuna atakayeandika "ajira mpya" kwa saa hizo nne, lakini muulize mchoma samaki.

Kazi zinazopotea. Ni chache kuliko njia nyingine. Vibanda vilivyo kwenye hifadhi ya barabara vinaondoka, na baadhi ya nyumba zinaguswa na mtaro. Hatari kubwa inakuja polepole, nayo ni kodi. Mtaa ukiacha kufurika, chumba kinapanda bei, na hilo lilionekana Hanna Nassif pia. Mwenye nyumba anapata. Mpangaji aliyechimba ule mtaro anaweza kujikuta anatafuta chumba mbali zaidi, ambako wateja wake hawapo.

Nani anaingia. Mlango ni mpana. Hakuna cheti kinachohitajika kuchimba, na ujuzi wa kujenga kwa mawe unafundishika kazini. Malipo ya siku ni madogo kuliko ya fundi wa ghorofa. Udhaifu mwingine ni upendeleo: orodha ya vibarua ikiandikwa nyumbani kwa mtu mmoja, ndugu na wafuasi wake ndio wanaoingia kwanza.

Inamfaa nani. Mtaa wa wenye nyumba wengi, wenye kamati inayoaminika, ambako riziki iko barazani na barabarani. Inamfaa zaidi mwanamke mwenye majukumu ya nyumbani kuliko kijana anayetaka ujuzi wa kumpeleka mjini kote, ingawa uashi wa mawe si ujuzi wa kudharau.

## Njia ya tatu: soko au jengo la biashara

Kazi za ujenzi. Yale yale ya ghorofa, kwa hiyo sitayarudia.

Kazi zinazobaki. Soko ni tofauti na nyumba kwa sababu lenyewe ni kiwanda cha ajira. Kwa kila mwenye meza kuna anayemshushia mzigo, anayemsukumia mkokoteni, dalali, mama lishe anayepitisha sahani saa saba, anayemenya vitunguu saumu na kuvifunga kwenye vifuko, mlinzi wa usiku, wakala wa pesa za simu. Soko likifanya kazi vizuri, hakuna mradi wa mjini unaoshindana nalo kwa kuajiri watu wasio na elimu kubwa.

Kazi zinazopotea. Kariakoo ni somo kubwa. Soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliungua usiku wa Julai 10, 2021, na serikali ikaamua kulikarabati jengo la zamani na kuongeza jipya kwa gharama ya takribani shilingi bilioni 28. Uamuzi ulikuwa sahihi. Wafanyabiashara walipelekwa masoko mengine kusubiri, na majina yao yakahifadhiwa ili warudi. Sasa angalia nani ana jina la kuhifadhiwa. Mwenye kizimba yumo kwenye daftari la shirika la soko. Kuli hayumo. Msukuma mkokoteni hayumo, na mama anayemenya vitunguu hayumo. Ajira yao ilining'inia kwenye ajira ya mwingine, na soko likifungwa miaka kadhaa hawana barua ya kuonyesha kwamba walikuwa na kazi. Ukiwa kwenye kamati ya soko linalotarajiwa kujengwa upya, lazimisha uandikishaji uwaguse na hao. Ni kazi ya wiki moja, na isipofanyika kabla, baadaye haiwezekani.

Nani anaingia. Vizimba vina tabia ya kuangukia mikononi mwa wasiouza kitu. Mtu anapata vitatu kwa majina ya ndugu, anavikodisha kwa bei mara mbili ya ushuru, na mchuuzi halisi anakuwa mpangaji wa mpangaji. Dawa yake ni orodha kubandikwa hadharani, kizimba kimoja kwa mtu mmoja, na ukaguzi wa ghafla baada ya miezi michache kuona nani amekaa kwenye meza.

Halafu kuna swali la mahali. Machinga Complex, jengo la ghorofa lililojengwa Karume, Ilala, kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, lilikusudiwa kuwapa wamachinga mahali rasmi. Lina paa, lina ulinzi, na bado kwa miaka mingi vizimba vya juu vilikaa vitupu, kwa sababu mnunuzi wa soksi na chaja hapandi ngazi kuzifuata. Ananunua akiwa njiani kwenda kupanda gari. Wamachinga walirudi barabarani, si kwa ukaidi, walifuata miguu ya wateja. Zoezi la Oktoba 2021 la kuwaondoa barabarani na kuwapanga kwenye maeneo maalumu lilikutana na swali hilohilo: eneo lenye mapito ya watu lilijaa, na lisilo na mapito likabaki na meza tupu.

Inamfaa nani. Mtaa ulio kwenye mapito ya watu tayari, wenye wafanyabiashara wengi na chama chenye nguvu. Njia hii haimfai kijana anayetegemea kuajiriwa kwa mshahara. Soko linatoa nafasi ya kujituma, na anayeingia bila mtaji ataanza kwa kubeba.

Barabara kuu na mabasi ya mwendokasi sijavifanya njia ya nne kwa sababu mtaa hauna sauti kubwa huko. Ila jua tu kwamba hesabu ni ileile: mabasi ya mwendokasi yalipoanza kubeba abiria barabara ya Morogoro Mei 2016, wapo walioajiriwa kuwa madereva na wakata tiketi, na wapo madereva wa daladala, makonda na wapiga debe walioondoka na njia yao.

## Kinachogeuza matokeo

Baada ya kuzilinganisha, naona tofauti ndani ya kila njia ni kubwa karibu sawa na tofauti kati ya njia na njia. Ghorofa lenye mkataba mzuri linaweza kuajiri wenyeji kuliko mtaro uliochimbwa na mashine. Kwa hiyo nguvu ya wakazi iwekwe kwenye maneno yanayoandikwa kabla ya zabuni kutangazwa. Mkandarasi akishasaini bei yake, kila sharti jipya kwake ni hasara, na atalikwepa.

Kwanza, sheria zinawapa wakazi pa kushika. Tanzania, sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Kenya ina AGPO, mpango wa kugawa zabuni za serikali, wenye asilimia 30 kwa vijana, wanawake na wenye ulemavu tangu 2013. Lakini nafasi hizo ni za vikundi na kampuni zilizosajiliwa. Kikundi kinachosajiliwa baada ya mradi kuanza kimechelewa.

Pili, njia ya Force Akaunti, ambapo taasisi inanunua vifaa na kuajiri mafundi yenyewe bila mkandarasi mkuu. Mengi ya madarasa 15,000 yaliyojengwa Tanzania kuelekea mwaka 2022 kwa fedha za kukabiliana na UVIKO-19 yalipita huko, na mafundi wa kata walipata kazi waliyozoea kuiona ikipita mbali. Inahitaji usimamizi mkali wa ubora na malipo ya wakati, vinginevyo fundi anakopwa na jengo linapasuka. Kwa kazi ndogo ndani ya mradi mkubwa, kama uzio, vyoo vya soko au mifereji ya pembeni, inafaa kuombwa.

Tatu, vyeti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza mtaani: fundi anapimwa kwa kazi, anaongezewa palipopungua, anapewa cheti. Mtaa unaojua kwamba mradi unakuja baada ya mwaka mmoja una muda wa kupeleka mafundi wake wote.

## Ufanye nini kulingana na hali yako

Mtaa wenu unafurika na wengi ni wenye nyumba. Anzeni na uboreshaji wa palepale, na ombeni kwa maandishi kwamba mitaro ya pembeni na njia za miguu zifanywe kwa nguvukazi ya wakazi. Barabara ya lami mwachieni mkandarasi. Kupigania kila kitu kifanywe kwa mikono kutawachelewesha masika mengine mawili.

Mnaishi kwenye nyumba za serikali au za manispaa zilizochoka. Ubomoaji utakuja mapema au baadaye, kwa hiyo tumieni nguvu kwenye masharti. Dai la kwanza liwe orodha ya majina ya wenye haki ya kurudi. La pili, ujenzi wa awamu, nusu ya eneo ikibomolewa nusu ikikaliwa, ili biashara zisife zote kwa pamoja. La tatu, ghorofa ya chini yote iwe ya biashara, na vizimba vigawiwe kwanza kwa waliokuwa wakiuza hapo.

Wewe ni kijana na unataka ujuzi zaidi ya kibarua. Ghorofa lina shule kubwa kuliko mtaro. Usiingie kama mbebaji wa jumla ukabaki hapo. Jishike na fundi mmoja, umeme au bomba au marumaru, hata kama wiki za mwanzo zinalipa kidogo. Kampuni ikiondoka, uwe na kitu mkononi ambacho nyumba za jirani zitakihitaji.

Wewe ni mama lishe au mwenye genge. Mradi wa ujenzi ni neema fupi yenye mtego wa madeni. Vibarua watakula kwa kukopa mpaka siku ya malipo, na mkandarasi akichelewa, wewe ndiye unayemkopesha. Wekeni kikomo cha deni kwa pamoja, akina mama wote wa eneo hilo, na mwombe mwenyekiti wa mtaa aulize tarehe za malipo kila mwezi. Kwa muda mrefu, soko lililo kwenye mapito ya watu ndilo linalokufaa, ukiwa na jina lako mwenyewe kwenye daftari.

Wewe ni mwenyekiti au diwani na mradi umeshasainiwa. Bado kuna la kufanya. Omba kikao cha kila wiki na msimamizi wa mradi, orodha ya vibarua ibandikwe ofisi ya mtaa ikionyesha nani anatoka mtaa upi, na zamu zigawanywe kwa kura badala ya kujuana. Hayo hayabadilishi bei ya mkataba, kwa hiyo mkandarasi hana sababu nzito ya kukataa.

Wewe ni mpangaji. Katika njia zote tatu, wewe ndiye unayeweza kufanya kazi ya mradi na kisha kuondolewa na mafanikio yake. Fidia humfuata mwenye nyumba na kizimba humfuata aliyeandikwa. Hakikisha sensa ya mradi imekuandika wewe kwa jina, pamoja na kazi unayofanya hapo mtaani, na chukua nakala. Kisha zungumza na mwenye nyumba mapema, kabla mtaro haujakauka, mkubaliane kodi ya miaka miwili au mitatu kwa maandishi mbele ya mjumbe.